Mwiko Usiosonga Ugali

Watu wa Itumbe wanapenda kusema Makori ana wivu. Waseme, midomo ni yao. Mtu akifunga zizi la ng'ombe wake anaitwa mwangalifu, lakini akimwangalia mkewe anaitwa mwenye wivu. Mimi nasema sina wivu. Nilitaka kujua tu, na kujua si dhambi.

Mke wangu ni Drusilla, muuguzi wa zahanati. Kabla hatujaoana alipelekwa ng'ambo kusomea kazi hiyo, nami nikabaki huku na majembe yangu nikipanda majani chai. Sote tulijua amekwenda Uingereza. Aliporudi mwaka wa sitini na tisa, ukimtajia Uingereza anaruka kama ameumwa na siafu. "Si Uingereza. Ni Wales." Nikamwuliza tofauti ni nini, si Wazungu wale wale? Akaniambia, "Haya, na wewe Mgusii ni Mjaluo?" Nikarudi kwenye majembe yangu.

Huko Wales alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja mzee, Bi Parry, katika mji wa Bangor. Nyumbani kwa Bi Parry Kiingereza hakikuvuka mlango. Wana lugha yao wale, Kiwelisi, na Drusilla alikaa nao mpaka akakijua, maana wagonjwa wazee wodini wakizidiwa na maumivu hawakutaka lugha nyingine. Hilo halikunisumbua. Mtu akikaa Kisumu si anajua Kijaluo?

Lililonisumbua ni gazeti. Katikati ya miaka ya sabini watu wa kule walianzisha gazeti la mtaa wao, kwa lugha yao wenyewe, na Bi Parry akawa analikunja kila mwezi na kulituma kwa meli. Linachukua wiki nyingi baharini, halafu linaingia kwenye sanduku letu la posta mjini Kisii. Anayelichukua ni nani? Mimi, nikitoka kuuza ndizi sokoni Daraja Mbili. Mimi mwenyewe nalibeba kwapani mpaka nyumbani, kama mtu anayempelekea mkewe barua za hawara.

Sisi ni Wasabato. Jumamosi tukitoka kanisani tunakula chakula kilichopikwa Ijumaa, tunapumzika. Sasa gazeti likiwa limefika, Drusilla anavuta kiti dirishani, anavaa miwani, na hapo ujue Makori hana mke tena mpaka jua linazama. Anasoma. Anatikisa kichwa. Halafu anacheka! Anacheka peke yake mpaka mabega yanatetemeka.

"Kuna nini?" nauliza.

"Aa, Baba Kemuma, ni vigumu kueleza."

"Nieleze hivyo hivyo."

"Nikikueleza haitachekesha."

Wewe uliyeoa, niambie: kuna kitu kinachomchoma mwanamume kuliko mkewe kuchekeshwa na mtu asiyeonekana? Mimi nikimwambia kichekesho anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

Hata hivyo nilivumilia, mpaka mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Birongo.

Ukutani pale sebuleni palikuwa na kijiko cha mti ambacho Drusilla alikuja nacho kutoka Wales. Kijiko kirefu, mpini umechongwa moyo na ufunguo na mnyororo, na ule mnyororo unacheza, pete ndani ya pete, lakini wote umetoka kwenye kipande kimoja cha mti. Nilipouliza siku za mwanzo aliniambia ni urembo tu, na mimi nikaamini. Basi mama alikuwa jikoni anasonga ugali wa wimbi, mwiko ukamvunjikia mkononi. Akaingia sebuleni, akaona mwiko unaning'inia ukutani bila kazi, akautungua. Kosa liko wapi? Mwiko ni mwiko. Drusilla alimkuta ameuinamisha juu ya sufuria.

"Weka chini!"

Jamani! Mkaza mwana anamfokea mama mkwe, tena mbele ya sufuria! Kwetu hata kumtazama sana machoni ni aibu. Mama aliweka kile kijiko chini polepole, akajifuta mikono. "Kwetu Birongo," akasema, "mwiko usiosonga ugali ni mwiko kweli kweli. Mwanangu, uliza huo ni mwiko wa nini." Akafunga virago vyake siku hiyo hiyo, ugali ukabaki uji.

Drusilla alimfuata mama Birongo kumwomba radhi, akaenda na kuku na khanga. Huku nyuma nikakishusha kile kijiko, nikakigeuza. Mgongoni kulikuwa na neno limechomwa kwa chuma cha moto: LLEW.

Sikujua ni neno gani. Lakini nilichukua magazeti yote kutoka kabatini, nikaketi nayo kama karani, nikalitafuta neno hilo ukurasa kwa ukurasa. Nikalipata. Chini ya picha ya wanaume wa kwaya waliojipanga na suti zao: Llew Pritchard. Wa tatu kutoka kulia. Bonge la mtu, na masharubu, anacheka na kamera kama mtu asiye na deni duniani.

Sikumwuliza Drusilla. Nimwulize aniambie "ni vigumu kueleza"? Na wakati huo huo Bi Parry alikuwa amemwandikia kumwalika, aende akatembee kule mwezi wa nane wa mwaka uliofuata. Drusilla alikuwa ameniomba ruhusa, nami sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema tutaona. Sasa nikaona. Akienda huko, akamkuta huyo wa masharubu, atarudi Itumbe kufanya nini? Kuchuma chai kwenye baridi?

Hapo nikajua ni lazima nilisome lile gazeti mwenyewe.

Mungu hamtupi mja wake. Prakash, mwenye duka la vyombo mjini Kisii, aliliona gazeti kwapani mwangu akaniambia, "Bwana Makori, kuna padre mpya kule misheni ya njia ya Nyamira, naye anapata gazeti la maneno kama hayo. Juzi alikuja hapa na kikombe amekifungia gazeti hilo." Drusilla hakumjua padre huyo. Msabato atapita misheni ya Wakatoliki kutafuta nini?

Mimi nilipita. Nilikwenda na mkungu wa ndizi begani, Jumatano, nikabisha mlango wa Padre Gwilym. Mzee mfupi, mwekundu, nywele zimemsimama. Nikamwambia nataka kujifunza Kiwelisi. Alinitazama, akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza kwa nini.

"Kwa ajili ya elimu," nikasema.

"Bwana Makori, hakuna mtu duniani aliyejifunza Kiwelisi kwa ajili ya elimu. Sema kweli."

Nikamweleza habari ya kijiko. Kicheko kikamwisha. Akatia maziwa kwenye chai, akanisogezea kikombe, akasema kwa upole, "Kwetu, kijana akimpenda msichana humchongea kijiko cha mti. Moyo maana yake ni moyo. Ufunguo maana yake nyumba yangu ni yako. Msichana akikipokea, basi amekubali kutembea naye."

"Na akikipokea halafu akarudi kwao akaolewa na mtu mwingine?"

"Hapo," padre akasema, "sijui. Kunywa chai."

"Na hili jina, Rew, maana yake nini?"

"Si Rew. Llew. Maana yake ni simba."

Simba! Yaani nashindana na simba! Na tena jina lenyewe sikuweza kulitamka. Sisi Abagusii L moja tu inatosha kututoa jasho. Mke wangu kijijini anaitwa Durusira na hakuna anayeshangaa. Wenzetu wameweka L mbili pamoja, na hazisemwi, zinapulizwa. Padre alinionyesha: weka ulimi juu, nyuma ya meno, puliza pembeni. Nilipuliza mpaka mate yakamrukia kwenye joho. Nilirudi Jumatano iliyofuata, na nyingine, nikipuliza njiani kama chatu kwenye majani chai. Wanawake waliokuwa wakichuma walisimama kunitazama. Yaani mwanamume mzima nilishindwa hata kumtaja adui yangu.

Maneno hayakai. Manasseh, mzee wa kanisa letu, alikuja nyumbani uso umemkunjamana. Alikuwa amesikia Makori anaingia misheni kila Jumatano. Je, anataka kubatizwa upya na Wakatoliki? Drusilla akanigeukia.

"Unafanya nini kwa padre, Baba Kemuma?"

"Nanunua mbegu za kabichi."

"Kila wiki?"

"Kabichi zake ni nzuri."

Ikabidi nipande kabichi. Nilichukia kabichi zile.

Lakini nilijifunza. Polepole, kwa kamusi ya padre na ukali wa roho. Wivu ni mwalimu, usione watu wanausema vibaya. Nikawa nikitoka posta nafungua gazeti nyuma ya duka la Prakash, nasoma, nalikunja tena vizuri, ndipo nalipeleka nyumbani. Mwanzoni nilimtafuta yeye tu. Na alikuwepo, maana yeye ni nani asiwepo! Llew Pritchard, fundi seremala, ametengeneza benchi jipya la kanisa. Llew Pritchard ameimba peke yake kwenye harusi ya binti wa fulani, watu wakalia. Llew Pritchard ameshinda zawadi ya vitunguu vikubwa. Na siku moja nikasoma kwamba kwaya imemtania kwa kutimiza miaka arobaini bila kuoa.

Hajaoa! Fundi, ana karakana, ana sauti, ana vitunguu, hajaoa. Anangoja nini? Nilirudi nyumbani siku hiyo sikula.

Hata hivyo, mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuja kumwinda mtu mmoja, nikajikuta najua kijiji kizima. Mwaka wa sabini na sita jua liliwaka kule mpaka mito ikakauka, na mimi huku Itumbe, mvua inapiga bati kila alasiri, nikawa nauliza moyoni kama ng'ombe wa yule mjane wa pale darajani watapata maji. Nilijua ugomvi wa watu wa kanisa kuhusu nani anapiga kinanda. Nilijua wana shindano kubwa la mashairi, mshindi anapewa kiti. Kiti! Mtu anapanga maneno vizuri, wanamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya umati, watu wanasimama. Nikaanza nami kucheka nyuma ya duka la Prakash, na Prakash akiuliza kuna nini, namwambia ni vigumu kueleza.

Kisha nikasoma habari ya bibi mmoja wa kule, mzee sana, akikumbuka shule. Alisema zamani mtoto akinaswa anasema Kiwelisi darasani alivishwa kipande cha ubao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi juu ya gunia. Mimi shuleni nilivishwa mfupa wa ng'ombe, kwa sababu ya kuomba maji kwa Ekegusii, lugha yetu. Ulikuwa unanuka.

Basi hapo wivu wangu ukaota tawi jingine. Watu wachache kama wale, waliovishwa ubao kama sisi, leo wana gazeti lao la kuwaambia mbwa wa fulani amepotea, fulani amejifungua, fulani ameshinda kwa vitunguu! Sisi tuna Agano Jipya na kitabu cha nyimbo, basi. Akifa mtu wa Nyamira hata aliyejenga shule, nani ataandika kwa Ekegusii kwamba alikuwa na sauti nzuri? Nilimwonea Llew wivu wa mke wangu, halafu nikamwonea wivu wa vitunguu vyake kuandikwa.

Ule mwezi wa nane ukapita bila jibu langu, na mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nane Bi Parry aliandika tena kuuliza kama Drusilla atakuja mwaka huo. Drusilla aliniuliza akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele. Nikasema tutaona. Akasema, "Unaona nini siku zote, Baba Kemuma, usichomaliza kuona?" Akaenda zake zahanati.

Gazeti la mwezi wa tatu nililifungua siku ya Ijumaa, nyuma ya duka, ndizi zimekwisha, nimeshiba, sina habari. Ukurasa wa pili palikuwa na picha yake ndani ya mstari mweusi. Amekufa. Moyo ulisimama akiwa kazini, randa mkononi.

Nitasema kweli: kwanza nilifurahi. Niliinua kichwa nikaona mji wa Kisii mzuri kuliko siku zote. Nikasema sasa Drusilla anaweza kwenda Wales mwezi mzima, miezi miwili akitaka. Halafu nikasoma tena, nikafika pale walipoandika kwamba kwaya ilijaribu kuimba kaburini ikashindwa, kwa sababu sauti ya chini ilikuwa yeye. Nikaegemea ukuta wa duka. Mtu nimekaa naye karibu miaka miwili! Najua benchi zake. Prakash alikuja akaniuliza kama nimefiwa, nikamwonyesha ile picha.

Jumamosi baada ya chakula nikampa Drusilla gazeti lake. Akavuta kiti, akavaa miwani. Nikakaa mbele yake nikijifanya natengeneza kiatu. Ukurasa wa kwanza alitabasamu. Akafunua. Mkono ukapanda mdomoni. Machozi yakaanza kushuka chini ya miwani, taratibu, bila sauti, hata pua hakuvuta. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza, kabla ya Kemuma.

Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Pole, Mama Kemuma. Llew alikuwa mtu mzuri."

Nikalipuliza jina vizuri kabisa. Padre angenisifu.

Drusilla aliinua kichwa. "Umesema nani?"

Kiatu kikaniponyoka.

"Mimi sijawahi kukutajia jina hilo, Baba Kemuma. Hata siku moja. Na hakuna Mgusii anayeweza kulitamka hivyo bila kufundishwa." Akanitazama, akatazama gazeti, akatazama bahasha iliyolileta. Nikaona anaunganisha. "Kabichi," akasema.

"Kabichi zilikuwa kweli."

"Unalisoma? Hili? Tangu lini?"

"Tangu siku ya mama na kijiko. Ulitaka nifanye nini? Jina la mwanamume linaning'inia kwenye ukuta wangu! Alikuchongea moyo na ufunguo, ukapokea! Ungeniambia..."

"Ungeniuliza!" Sasa alikuwa amesimama. "Ndiyo, alinichumbia. Nikamwambia kwetu kuna mtu anapanda chai na nimempa ahadi. Akasema, basi chukua kijiko, nimeshakichonga, nitampa nani kingine? Nikakichukua kwa sababu ni kizuri, na kwa sababu hakunibembeleza wala hakunikasirikia. Nikapanda ndege nikarudi kwako. Nilirudi, Makori! Miaka yote hii nimelala wapi?"

Mtu asiye na jibu hupandisha sauti. Lakini kabla sijapandisha, yeye akashusha yake, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Shamba ni lako. Nyumba imejengwa kwenye ardhi ya baba yako. Mshahara wangu unaujua kabla mimi sijaupokea. Kanisani mimi ni mke wa Makori. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho, saa chache za Jumamosi, nacheka mahali ambapo hakuna anayeniuliza ninacheka nini. Hata hicho umekwenda ukakifungua nyuma ya duka, ukakisoma kabla yangu. Hata hicho, Baba Kemuma?"

Nikataka kumwambia kwamba sikukichukua, nilijifunza, na kujifunza ni kazi ngumu. Kilichotoka mdomoni ni upuuzi. Nilisema, "Sasa unaweza kwenda kwa Bi Parry. Mwezi wa nane. Nenda tu, sikukatazi."

"Sasa?" akasema. "Sasa kwa kuwa amekufa?"

Nje kuku walikuwa wanaparuaparua kwenye zile kabichi.

Drusilla aliketi tena. Nilidhani ataondoka, akaketi. Alivua miwani, akajaribu kuisafisha, machozi yakazidi, akanisukumia gazeti kifuani.

"Basi soma," akasema. "Si unajua? Mimi macho hayaoni. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nilisoma kwa ulimi wangu huu wa Itumbe, nikikwama, nikirudi nyuma, na yeye mara mbili akanirekebisha katikati ya kilio. Nilisoma habari za benchi na vitunguu na kwaya iliyoshindwa kuimba. Nilipofika pale alilia zaidi, mkono wake ukashika goti langu, sijui kama alijua ni goti la nani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa nimeshikwa goti, na mtu mwenyewe yuko chini ya udongo wa mbali, bado nilimwonea wivu kwa machozi yale.

Nikakunja gazeti. "Mama Kemuma, nikuulize kitu."

"Uliza. Leo umejifunza kuuliza."

"Mimi nikifa, utanililia hivi?"

Alinitazama kwa macho yake mekundu.

"Hivi? Huyu namlilia kimya kwa sababu hapa hakuna mtu aliyemjua. Wewe nitakulilia kwa Ekegusii. Nitalia kwa sauti mpaka Birongo wanisikie, nitasimama mbele ya ukoo wote na kanisa lote, na nitasema yote uliyonifanyia, moja moja, mpaka nimalize. Na itanichukua siku nyingi, Makori, kwa hiyo usifanye haraka kufa."

Nikatafuta leso mfukoni, nikampa.